Kitufe cha Polepole

Sivakasi, mwezi wa tisa, nasi tulishafika Aprili
ya mwaka ambao haujazaliwa.
Ndivyo tulivyo wachapa kalenda:
tunaishi mbele ya watu, tunalipwa nyuma yao.

Rangi ilikuwa inabadilishwa. Nyekundu itoke, manjano iingie,
na katikati yake tambara, mafuta ya taa
na mkono wa mtu.
Karuppasami aliinama upande wa rola, mimi upande wa vitufe.
Kikinga tulikifungua tangu Juni,
tukakiegemeza ukutani, tukawa tunaanikia mashati.
Kila mtu alijua. Mkaguzi naye alijua:
alikunywa chai yake yote akilitazama shati langu.

Mashine ikizimwa kabisa, rola husafika upande mmoja tu.
Basi huzungushwa kidogo, zikasimama, kidogo, zikasimama,
anayefuta akisema, wa kitufe akitii.
Neno letu lilikuwa moja: polepole.
Alisema, nikabonyeza.
Alisema, nikabonyeza.
Mara ya tatu sijui kama alisema,
au ilinguruma mashine ya jirani,
au nilisikia nilichozoea kusikia.

Tambara lilitangulia,
pindo la sari kuukuu ya mama yake, lenye uzi uliolegea.
Mashine haikuwa na haraka. Hiyo ndiyo kasi ya kitufe kile:
cha shahada,
cha kati,
cha pete.
Sikujua kwamba mfupa hutoa sauti ndogo kiasi hicho,
kama njugu.

Karatasi ya mwisho ikatoka na wekundu usio wa kopo.

Barafu alitupa muuza soda, hakutaka hela.
Vidole tulivitia kwenye mkebe wake wa chakula,
bado unanukia ukwaju.
Saa mbili za basi hadi Madurai, mkebe mapajani mwangu.
Daktari akaufungua, akaufunga.
"Vimesagika," akasema, kama anayezungumzia pilipili.

Nikamwambia Karuppasami pole.
Ndipo nilipotambua
kuwa ni nusu tu ya neno lile.

Tajiri Thangavel alileta rupia elfu nane ndani ya bahasha
na kalenda moja:
Lakshmi juu ya yungiyungi, mikono minne,
sarafu zikimwagika kutoka kiganja kimoja.
Pechiammal, mkewe, akaitundika. Ukuta ulikuwa mtupu.
Asubuhi nilimkuta amesimama mbele yake,
midomo ikicheza. Nilidhani anaomba.
Nne mara tano, alikuwa anasema. Ishirini.

Wenzangu hunifariji: kidole kimoja hakivunji chawa,
yaani kosa hilo lina wengi.
Sitaki faraja hiyo.
Nimeviona viwili vilivyobaki
vikihangaika na kifungo kimoja cha shati
hadi chai ikapoa.
Nimemwona akila wali kwa mkono wa kushoto,
na mama yake akigeukia dirishani
ambako hakuna kitu cha kutazama.

Januari alirudi. Sasa yeye yuko upande wa vitufe,
kwa kuwa gumba lilisalimika,
na mimi ndiye ninayeingiza mkono.
Kikinga hakijarudi mahali pake. Mashati bado yapo.
Lakini kabla sijashika tambara
huenda ukutani, akavuta swichi kubwa,
akatia ufunguo mfukoni, akaupigapiga kama anayebembeleza mtoto.
Rola tunazizungusha kwa mikono, tukihema kama wakokota gari.
Msimamizi hulalamika: dakika kumi na moja kila rangi!
Karuppasami hamjibu. Hana hata ishara ya kumjibu.

Nikimaliza, husema, "Nionyeshe."
Nami huinua mikono yote miwili, inachuruzika mafuta,
kama mwizi aliyekamatwa.
Huhesabu kwa sauti. Hafiki kumi
bila mashine ya jirani kupiga kelele,
na hapo huanza tena,
moja.